UKUTA WA MARIB: ZINGATIO KWA MWENYE KUSAFIRI NA KUPIGA PICHA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Vijana wetu wakubwa wa madrasa walichukuliwa matembezi kwenda bara kutazama bwawa moja la kutolea umeme. Waliporudi walinijia barazani baada ya sala ya Alasiri, wakanionyesha picha walizopiga kwa simu zao. Zilikuwa nyingi mno. Basi nikawauliza: "Wanangu, ukuta huu umejengwa kwa kitu gani? Maji yake hutoka wapi? Na milango ile hufunguliwa wakati gani?" Wakatazamana. Mmoja wao, aliye mwepesi wa ulimi, akasema: "Maalim, sisi tulikuwa tumeupa mgongo, tutaujuaje?" Tukacheka sote.

Lakini walipokwisha kwenda zao nilibaki na neno lile moyoni. Na kweli, katika picha zote zile hapakuwa na hata moja ambayo mtu anautazama ukuta. Kila mmoja ameugeuzia mgongo, uso wake anaupeleka kwenye kamera. Simlaumu kijana kwa kupenda kujiona. Huo ni ujana, na sisi tulikuwa na ujana wetu. Ila Mwenyezi Mungu Mtukufu ametuhimiza katika Qur'ani, si mara moja, tusafiri katika ardhi tukatazame mwisho wa waliotutangulia ulikuwaje. Amri hiyo ina sehemu mbili: kusafiri, na kutazama. Sisi siku hizi tumekuwa hodari wa sehemu ya kwanza.

Siku ya pili niliwaita tena, nikawasimulia habari za ukuta mmoja wa maji ambao umetajwa katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, ambao mabaki yake yapo mpaka leo, na ambao watu wamekwenda kuutazama na kuuchora na kuupiga picha kwa muda wa miaka elfu na zaidi. Huo ni ukuta wa Marib, katika nchi ya Yemen. Na niliyowaambia wao nimeona niyaandike hapa, ili na wewe na watu wa nyumbani mwako mfaidike nayo, inshaallah.

NCHI YA SABA NA MTO WA MSIMU

Marib uko mashariki ya Sanaa, kiasi cha kilomita 120, pale milima inapokwisha na jangwa linapoanza. Mji huo ndio uliokuwa makao ya wafalme wa Saba. Jina la Saba si geni kwetu. Katika Sura An-Naml tunasoma habari ya hudihudi aliyemletea Nabii Sulaiman (A.S.) habari ya mwanamke anayewatawala watu wa Saba, ambaye wafasiri humwita Bilqis. Na katika Sura ya 34, ambayo yenyewe inaitwa Saba, tunasoma habari ya bustani mbili, moja kuliani na moja kushotoni.

Sasa jiulize, ndugu msomaji: bustani katika ukingo wa jangwa zitapata wapi maji? Mvua hapo ni haba sana. Jibu ni kwamba mvua hunyesha mbali, katika milima mirefu ya magharibi, mara mbili kwa mwaka: katika majira ya kuchipua, na tena mwisho wa kiangazi. Maji ya milima hiyo hukusanyika yakateremka katika bonde moja linaloitwa Wadi Dhana. Bonde hilo sehemu kubwa ya mwaka ni kavu. Mara hujiwa na gharika kwa siku chache, maji mekundu ya tope yenye nguvu ya kubeba majabali, kisha huwa kavu tena. Mtu asiyekuwa na maarifa maji hayo humpita akayatazama yakipotea jangwani, naye amebaki na kiu yake.

Watu wa Saba walipewa maarifa. Wakaliendea bonde mahali linapopenya baina ya vilima viwili vya Balaq, mahali pembamba, wakajenga ukuta kutoka kilima hiki hata kile. Urefu wake ulikuwa kiasi cha mita 600, na mwisho wake, baada ya kuongezwa mara nyingi, kimo chake kilifika kiasi cha mita 15. Kiini chake kilikuwa ni udongo ulioshindiliwa, na uso wake ukafunikwa kwa mawe. Mwanzo wa kazi hiyo ni wa zamani sana. Maandishi ya wafalme wa Saba yaliyochongwa katika mawe ya hapo yanaonyesha kwamba zaidi ya miaka 500 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.) kazi kubwa ya mawe ilikuwa tayari imefanywa. Kwa hivyo ukuta ule ulitumika kwa zaidi ya miaka 1,000. Hebu tazama majengo ya mji wako, kisha ulihesabu lipi limefika hata miaka 200.

MILANGO MIWILI NA BUSTANI MBILI

Watu wengi hudhani kwamba ukuta wa Marib ulikuwa wa kuwekea maji, kama birika kubwa. Sivyo. Kazi yake hasa ilikuwa ni kuyapandisha. Umepata kumwona mkulima wakati wa masika anavyoziba kijito kidogo kwa udongo, ili maji yapande kidogo yageuke yaingie katika shina la mnazi wake? Basi watu wa Saba walifanya jambo hilo hilo, ila wao waliyaziba maji ya milima.

Mashamba yalikuwa juu kuliko sakafu ya bonde. Gharika ilipokuja, ukuta uliizuia, maji yakapanda mpaka yakafika kwenye milango miwili, mmoja ubavu wa kaskazini na mmoja ubavu wa kusini. Milango hiyo haikujengwa kwa udongo. Ilijengwa kwa mawe makubwa yaliyochongwa yakalingana sawasawa, na mahali pengine mawe yaliunganishwa kwa madini ya risasi iliyoyeyushwa. Kutoka katika kila mlango ulikwenda mfereji mkuu, na mfereji mkuu ukagawika kuwa midogo, na midogo ikagawika tena, hata kila shamba likapata fungu lake. Mashamba yote pamoja yalifika kiasi cha hekta 9,600. Na kwa kuwa milango ilikuwa miwili, mashamba nayo yakawa pande mbili za bonde. Mwenye kusimama pale akitazama jangwani, mkono wake wa kulia una kijani na mkono wake wa kushoto una kijani. Basi ukisoma ile aya ya bustani mbili, ujue kwamba inasifu mahali palivyo hasa.

Lakini neema ile ilikuja pamoja na mzigo wake. Maji ya gharika hayakuja peke yake, yalileta tope. Tope lile ndilo lililoyapa mashamba rutuba, na ndilo lililoyanyanyua. Wataalamu waliopima udongo wa Marib wanasema kuwa mashamba yalikuwa yakipanda kiasi cha sentimita 1 kila mwaka. Sentimita 1 ni kitu gani? Ni upana wa kucha. Lakini katika miaka 100 ni mita nzima, na katika umri wa bustani zile tope lilirundikana hata mahali pengine likafika mita 30. Mashamba yakipanda, maji nayo hayana budi yapande zaidi ili yayafikie. Kwa hivyo ukuta hauna budi uongezwe kimo, na ukiongezwa kimo huzidi kubeba uzito wa maji. Tope jingine lilibaki nyuma ya ukuta na katika mifereji, likataka kuchimbuliwa kila baada ya msimu.

Maana yake ni kwamba kila kizazi cha watu wa Saba kilirithi ukuta mrefu kuliko wa baba zao na kazi kubwa kuliko yao. Haukuwepo mwaka ambao mtu angeweza kusema: "Ukuta umekwisha, sasa tupumzike."

KISA CHA PANYA

Sisi tuliosoma vyuoni zamani tulisimuliwa kisa cha panya. Tuliambiwa kwamba Mwenyezi Mungu aliwapelekea watu wa Saba panya, akautafuna ukuta kwa meno yake mpaka ukatoboka, na kwamba mkubwa wao, Amr bin Amir, alipomwona panya yule anageuza jiwe ambalo wanaume wengi hawaliwezi, alijua kuwa nchi imekwisha, akauza mali yake akahama. Kisa hiki kimo katika vitabu vya wafasiri na wanahistoria wetu, nasi tulikipenda sana tulipokuwa watoto, kwa kuwa ndani yake mna panya.

Hata neno "Arim" lililomo katika Qur'ani wanazuoni walikhitalifiana kulieleza. Wako waliosema ni jina la bonde, wako waliosema ni mvua kali, wako waliosema ni jina la panya huyo, na wako waliosema kuwa maana yake ni ukuta wa kuzuia maji. Basi katika zama zetu yamesomwa maandishi ya kale yaliyochongwa katika mawe ya Marib yenyewe, kwa lugha na herufi za watu wa Yemen wa kabla ya Uislamu. Neno wanalotumia kuuita ukuta wao ni hilo hilo: arim. Kauli ya wale wanazuoni wa mwisho imepata shahidi wa jiwe.

Na mawe hayo yanatuambia jambo jingine ambalo ni kubwa zaidi. Ukuta haukubomoka mara moja tu. Ulibomoka, ukajengwa, ukabomoka tena. Kiasi cha mwaka 450 Miladi mfalme wa Himyari aitwaye Shurahbil Yafur aliandika kwamba aliutengeneza, mvua ikaja ikauharibu, akautengeneza tena, na katika kazi hiyo walikusanywa watu 20,000. Kisha katika karne ya 6, kabla ya kuzaliwa Bwana Mtume (S.A.W.), ukuta ulibomoka tena. Unajua ni nani aliyeutengeneza safari hiyo? Ni Abraha, yule yule wa Sura Al-Fil, aliyekuja na ndovu kutaka kuibomoa Al-Kaaba. Jiwe lake lipo. Ameandika humo habari za waasi aliopigana nao, na habari za kubomoka kwa ukuta. Ameandika jinsi maradhi ya kuambukiza yalivyowaingia wafanyakazi hata akawaruhusu wakaenda makwao, kisha akawaita tena, na hesabu ya unga na tende na wanyama waliochinjwa kuwalisha.

Baada ya hapo habari za matengenezo zinakoma. Gharika ya mwisho ilikuja katika nusu ya pili ya karne hiyo, na safari hii hakutokea tena mtu wa kuujenga. Nchi ilikuwa imedhoofika kwa vita na fitina, biashara ya ubani iliyowatajirisha zamani ilikuwa imepungua, makabila hayakuitana tena kwa kazi moja. Ukuta uliotengenezwa kwa mikono 20,000 hauwezi kutengenezwa na kila mtu peke yake nyumbani kwake.

Kwa hivyo mimi sasa nikiwasomesha vijana kisa cha panya, sisemi ni kweli wala sisemi ni uwongo. Nawaambia hivi: panya haingii katika ukuta unaotazamwa kila siku. Huingia mahali pasipokuwa na mwenye kutazama.

Na kisa hiki hakiko mbali nasi watu wa pwani. Mapokezi ya Waarabu yanasema kuwa watu walipotawanyika kutoka Marib, Aus na Khazraji walikwenda Yathrib, ambao vizazi vyao ndio waliokuja kuwa Ansari, na Ghassan wakaenda Sham, na Azdi wengine wakaenda Oman. Bila shaka kuhama huko kulitokea kwa nyakati mbalimbali, wala si kwa gharika moja. Ama Oman ndiko walikotoka Banu Nabhan, nao ni katika Azdi, na kwao ndiko wanakonasibishwa Wanabhani waliotawala Pate. Al Busaid wa Unguja nao ni Azdi. Na Hadhramaut, ambako wametoka masharifu na mashekhe wengi waliotufundisha dini, ni nchi hiyo hiyo ya Yemen. Huenda wewe unayesoma makala haya umekaa kitako Lamu au Mombasa au Unguja kwa sababu babu yako wa zamani aliliacha shamba lililokosa maji.

WALIOKWENDA KUTAZAMA

Sasa nataka nikutajie watu waliokwenda Marib kutazama, kwa sababu hapa ndipo penye funzo kwa wenye kupiga picha.

Katika karne ya 10 Miladi alikuwako mwanachuoni wa Kiyemeni, Al-Hamdani. Hakuwa na kamera. Alikuwa na macho na kalamu. Aliandika habari za ukuta katika kitabu chake Al-Iklil, akaeleza sehemu zilizobaki na milango ilivyojengwa, akistaajabu uimara wake. Nasi leo tunajua kutokana na yeye ni kitu gani kilikuwa kimesimama miaka 1,000 iliyopita.

Mwaka 1843 alifika Mfaransa mmoja, Arnaud, mfamasia. Alikwenda kwa taabu na khofu, akanakili maandishi, akaupima ukuta. Aliporudi macho yalimshika, akawa haoni kwa muda. Inasimuliwa kwamba alipokutana na balozi mdogo wa nchi yake huko Jidda, alikaa ufukweni akauumba ukuta wa Marib kwa mchanga uliolowa, akipapasa kwa mikono, ili mwenzake apate kuchora ramani yake. Mtu yule hakuwa na macho, na bado aliweza kuonyesha alichokiona, kwa kuwa alipokuwa na macho aliyatumia. Vijana wangu wana macho mawili mawili na kamera juu yake!

Mwaka 1888 alifika Glaser, mtu wa dola ya Austria. Huyu alijivika nguo za faqihi wa Kiislamu ili apite salama. Alichukua karatasi zilizoloweshwa akazigandamiza juu ya mawe yaliyochongwa, zikikauka hubaki na sura ya herufi kama muhuri. Kwa njia hiyo aliyachukua maneno ya Shurahbil na ya Abraha bila ya kulibeba jiwe. Hatusemi kwamba kujificha kwake ni jambo la kusifiwa. Lakini ni haki tujiulize: aya ya Saba tunaisoma sisi katika sala zetu, iweje aliyejisumbua kwenda kusoma mawe ya Saba awe ni yeye?

Alhamdulillahi, Waislamu nao walikwenda. Katika miaka ya 1930 alifika Nazih Muayyad al-Adhm kutoka Sham, na mwaka 1947 alifika Ahmed Fakhry, mtaalamu wa Kimisri wa mambo ya kale, akapiga picha nyingi, akazichapisha katika kitabu. Kuanzia miaka ya 1980 wataalamu wa Kijerumani walifanya kazi pale kwa muda mrefu, wakapima ukuta na mifereji na tope.

Picha hizo zina faida gani? Sikiliza. Mawe ya kale ya Marib yalikuwa yakichukuliwa na watu kujengea nyumba zao, kidogo kidogo, mmoja jiwe moja. Kisha mwisho wa Mei 2015, katika vita vya Yemen, mabomu ya ndege yaliangukia mabaki ya ukuta, yakaharibu sehemu ambayo gharika za miaka 1,400 hazikuweza kuiangusha. Mwaka 2023 UNESCO iliyaandika mabaki ya Saba huko Marib katika orodha ya urithi wa dunia, na wakati huo huo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Basi mwenye kutaka kujua mahali pale palikuwaje kabla ya bomu, atazitazama picha za waliosimama wakiuelekea ukuta. Picha ya mtu aliyeupa mgongo itamwambia tu kwamba fulani alikuwako, naye alikuwa akicheka.

Wala usidhani kwamba Marib iliachwa kavu milele. Mwaka 1986 ulifunguliwa ukuta mpya, kilomita chache juu ya ule wa kale, katika bonde lile lile. Fedha zake zilitolewa na Sheikh Zayed bin Sultan Al Nahyan, aliyekuwa mtawala wa Abu Dhabi, kwa kuwa ukoo wake unanasibishwa na watu waliohama kutoka Marib zamani. Ukuta huo una kimo cha mita 38 na urefu wa mita 763, nao umejengwa kuweza kuzuia karibu mita za ujazo milioni 400 za maji. Mjukuu amerudi kwa babu yake na zawadi ya maji. Hili ni jambo zuri. Lakini tope la Wadi Dhana halijui kwamba ukuta ni mpya. Litakuja msimu kwa msimu kama lilivyokuja kwa Saba, na litawauliza watu wa leo swali lile lile.

SHUKRANI NI KAZI

Kosa la watu wa Saba lilikuwa ni nini? Qur'ani inatueleza kwamba waliambiwa wale riziki ya Mola wao na wamshukuru, nao wakageuka, wakaipa neema mgongo. Bustani zikabadilika kuwa za matunda machungu na mivinje na mikunazi michache, na wao wakafanywa kuwa masimulizi.

Wengi tunadhani kushukuru ni kusema Alhamdulillahi. Ni kweli, ulimi una sehemu yake. Lakini fungua msahafu, ndugu msomaji, utazame Sura Saba kabla haijafika habari ya Saba. Mwanzoni mna habari ya Nabii Daud (A.S.), aliyelainishiwa chuma akaamrishwa kutengeneza nguo za vita na kupima vizuri pete zake. Kisha wakaamrishwa jamaa wa Daud wafanye kazi kwa kushukuru. Kazi! Na aya chache tu baadaye ndipo unapokuja ukuta wa Saba. Mimi nimeisoma sura hii tangu nina miaka 10, na nilikuwa mtu mzima nilipouona mpangilio huo. Kushukuru neema ya maji ni kuchimbua tope. Kushukuru neema ya ukuta ni kuziba ufa.

Na nakiri mbele yako kwamba sikuwa miongoni mwa waliotenda hayo. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katika kamati ya msikiti. Msikiti ule ulikuwa na birika la kutawadhia, la zamani, lililojengwa kwa mawe na chokaa na watu ambao majina yao hatuyajui. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia ndiye aliyetuonyesha ufa katika ubavu wa birika, mwembamba kama uzi. Tukasema: "Baada ya Ramadhani, inshaallah." Wakati huo tulikuwa tukichangisha fedha za kujenga mnara mpya, na mnara huonekana kutoka mbali. Ramadhani ikapita. Mzee akatukumbusha. Tukasema: "Baada ya Maulidi." Usiku mmoja wa masika ubavu ule ukaanguka wote. Mwenyezi Mungu alitulinda, hakuwako mtu. Lakini kwa miezi watu walikuja msikitini wakakosa maji ya udhu, na wazee waliokaa mbali wakaacha kuja sala ya Alfajiri, na wengine wao walikufa kabla birika halijajengwa tena. Gharama za kulijenga upya zilikuwa mara nyingi kuliko za kuuziba ule ufa. Mnara upo, na watu hupenda kuupiga picha. Mimi kila ninapopita chini yake namkumbuka mzee yule na ufagio wake, naomba maghfira.

Ufa ule tuliuona. Tuliuona wote, tukaupa mgongo. Tafauti yetu na Saba ilikuwa ni ukubwa wa birika tu.

Kwa hivyo, vijana wangu, na wewe msomaji, sisemi msiende kutazama mabwawa, wala sisemi msipige picha. Nendeni. Ukuta wa maji ni katika mambo makubwa ambayo Mwenyezi Mungu amemwezesha binadamu kuyafanya. Lakini mkifika, kabla hamjajipiga picha, simameni mkiuelekea. Ulizeni maji yanatoka mlima gani na yanakwenda kwa nani. Ulizeni tope linakwenda wapi. Mwulizeni yule anayefagia au anayetia mafuta milango, maana yeye hujua mambo ambayo mkubwa wa ofisi hayajui. Mkiona ufa, upigeni picha huo, mkaionyeshe kwa mwenye dhamana. Kisha rudini nyumbani mkatazame kisima cha wakfu mtaani kwenu, na birika la msikiti wenu, na mtaro wa mbele ya nyumba ya jirani yenu. Huko hakuhitaji nauli.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kuona neema kabla haijaondoka, na atusamehe yale tuliyoyachelewesha, na awarudishie ndugu zetu wa Yemen amani na maji yao. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.